Picha za kanga kwenye barua pepe: kupunguza uzito wa faili bila kuua rangi

Anayeuza kanga kwa barua pepe ana kazi ngumu kuliko anayeuza sabuni, kwa sababu bidhaa yake ni rangi, nakshi na maandishi kwa pamoja. Ukibana picha kupita kiasi, wekundu unachafuka, ukingo wa pindo unaingia ukungu na jina, yaani msemo uliochapwa kwenye kanga, halisomeki. Ukiiacha picha kama ilivyotoka kwenye kamera, mteja anayetegemea bando la siku anaangalia kisanduku kitupu, kisha anafunga barua na kuendelea na mambo yake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandaa barua hizo mwenyewe, awe na duka Mtaa wa Uhuru pale Dar es Salaam, auze leso Biashara Street, Mombasa, au atume mzigo kwa wateja wa Muscat na London. Nimeshikilia mfano wa kanga kwa sababu ni bidhaa inayoadhibu uzembe mapema. Anayeuza kahawa au safari za mbugani atafuata hatua zilezile, na kwa sehemu kubwa kazi yake itakuwa nyepesi.

Tuanze na hesabu. Simu nyingi hupiga picha ya pikseli (vitone vya rangi vinavyounda picha) milioni 12, yaani 4032 kwa 3024, na faili lake kwa kawaida huwa MB 3 au zaidi. Weka picha nne za namna hiyo kwenye barua moja, umefika MB 12. Kwenye mtandao unaotoa Mbps 1, barua hiyo inahitaji zaidi ya dakika moja na nusu kufunguka yote. Picha zenye jumla ya KB 500 zinahitaji sekunde nne. Ukiwa na wateja 5,000 na wote wakaifungua ile nzito, umewamalizia GB 60 za data, na bando ni la kwao.

Watu wengi wakitaka kupunguza uzito hukimbilia kipimo cha ubora na kukishusha mpaka picha inalia. Hapo wameanzia mwisho. Uzito wa picha unatokana kwanza na wingi wa pikseli, na pikseli nyingi zilizomo kwenye picha ya simu hakuna skrini itakayozionyesha ndani ya barua pepe. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: kata, punguza vipimo, ndipo ubane, na kubana kuwe mara moja tu.

Hatua ya 1: Pata picha ya asili

Mpiga picha akikutumia kazi yake kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, imeshapunguzwa vipimo na kubanwa kabla haijakufikia. JPEG, aina ya faili inayotumika kwa picha nyingi, hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa maelezo madogo yaliyomo ndani ya kila kipande. Ukifungua faili hilo, ukalirekebisha na kulihifadhi tena, mengine yanatupwa, na yaliyotupwa hayarudi. Mwombe atume kama dokumenti au aziweke Google Drive, na wewe utunze nakala hiyo ya asili mahali pasipoguswa. Kila unapohitaji picha ya barua mpya, anza na ile ya asili.

Angalia pia rangi zimehifadhiwa kwa mfumo gani. iPhone za miaka ya karibuni hupiga picha za aina ya HEIC zenye upeo wa rangi mpana kuliko sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini, na HEIC haifai kwenye barua pepe. Kama picha imetoka kwa mtu wa uchapaji, aliyeitayarisha kwa ajili ya bango au kalenda, huenda iko katika CMYK, yaani mfumo wa wino, na baadhi ya programu zitaonyesha rangi za ajabu. Zote zigeuze ziwe sRGB kabla ya jambo jingine lolote. Kwenye kanga, tofauti kati ya nyekundu iliyoiva na nyekundu iliyofifia ndiyo tofauti kati ya mteja aliyeridhika na mzigo uliorudishwa.

Kama wewe ndiye unayepiga, jua kwamba uzito wa faili unaanza kuamuliwa hapo. Picha iliyopigwa gizani hujaa chenga, na JPEG haijui kutofautisha chenga na nakshi. Inajitahidi kuzihifadhi zote. Mandhari yenye majani ya mwembe nyuma ya kanga inakula kilobaiti nyingi kuliko kanga yenyewe. Piga pasi, tandaza au tundika kwenye ukuta usio na mapambo, ukiwa kwenye kivuli mchana. Faili litakuwa jepesi kabla hujagusa programu yoyote, na macho ya mteja yatatua kwenye bidhaa.

Hatua ya 2: Ipe kila picha kazi yake

Barua ya kutangaza doti mpya haihitaji picha kumi. Kwa maoni yangu inatosha picha kuu moja, tatu au nne ndogo za bidhaa, na nembo ya duka. Picha ya tabasamu la mhudumu, mstari wa maua wa kutenganisha aya, vitufe vilivyochorwa kama picha, vyote hivyo vitoe. Mstari unaweza kuchorwa kwa rangi ya HTML, lugha ya kompyuta inayopanga barua, na kitufe cha kununua kinaweza kuwa maandishi ndani ya kisanduku chenye rangi. Havina uzito wa kuhesabika, tena vinaonekana hata picha zikizuiwa.

Kwa kanga, uamuzi mkubwa ni kuhusu jina. Wauzaji wengi wanataka mteja asome jina ndani ya picha ya kanga nzima. Haiwezekani. Skrini ya simu ina upana wa takriban pikseli 360 kwa hesabu ya HTML. Kanga nzima ikijaza upana huo, jina linachukua labda theluthi moja, kwa hiyo herufi ishirini na tano zinagawana pikseli 120. Kila herufi inapata pungufu ya pikseli tano. Hata picha ingekuwa MB 5, jicho halitasoma. Liandike jina kama maandishi ya kawaida chini ya picha, kwa herufi kubwa nzito kama linavyochapwa kwenye kitambaa. Ukitaka mteja aone jinsi lilivyochapwa hasa, tengeneza picha ya pili iliyokatwa karibu, yenye jina na kipande cha pindo tu.

Hatua ya 3: Kata, kisha punguza vipimo

Barua nyingi za biashara hupangwa kwa upana wa pikseli 600. Simu na kompyuta za kisasa zina skrini ambazo pikseli zake zimesongamana mara mbili au tatu, kwa hiyo picha ya upana wa 600 kamili itaonekana laini, isiyo na makali. Dawa ni kuihifadhi kwa mara mbili: picha ya upana wote iwe pikseli 1200, nawe uiambie HTML iionyeshe kwa 600. Zaidi ya hapo hupati faida inayoonekana. Picha za bidhaa zinazokaa mbili kwa mstari, kila moja ikionyeshwa kwa 280 hivi, zihifadhi kwa 560 au 600. Kwenye simu zikipangwa moja juu ya nyingine zitatanuka kidogo na bado zitapendeza.

Ona kinachotokea kwa uzito. Picha ya 4032 kwa 3024 ikishushwa hadi 1200 kwa 900, pikseli zinatoka zaidi ya milioni 12 hadi milioni 1.08. Umeondoa zaidi ya sehemu kumi kati ya kumi na moja, na hujagusa ubora hata kidogo.

Kata kwanza ndipo upunguze, kwa sababu pikseli za ukuta na sakafu zinalipiwa sawa na za kanga. Usitegemee HTML ikupunguzie. Ukipakia picha ya 4032 na kuandika upana wa 600, mteja anapakua zote 4032.

Kanga ina hila yake hapa. Nakshi za vitone vidogo na mistari myembamba kwenye mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati, zikipunguzwa vipimo, huweza kuzaa mawimbi ya mistari ambayo hayapo kwenye kitambaa. Ukiyaona, hakikisha programu inatumia njia nzuri ya kupunguza; kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, ziko Cubic na nyingine bora zaidi, kwenye Squoosh, programu ya kubana picha, iko Lanczos3. Yakibaki, weka ukungu mdogo sana kwenye picha ya asili kabla ya kuipunguza, au kata karibu zaidi ili nakshi isinywee kiasi hicho. Baada ya kupunguza, ongeza makali kidogo tu. Ukizidisha, utaona ukingo mweupe pembezoni mwa kila rangi, na faili litanenepa kwa sababu umeongeza maelezo ambayo JPEG italazimika kuyabeba.

Hatua ya 4: Chagua aina ya faili

Kwa picha yoyote iliyopigwa na kamera, chagua JPEG. Ni ya tangu 1992 na hakuna programu ya barua isiyoifahamu. PNG itumie kwa nembo, alama na michoro yenye rangi chache zilizo bapa, au inapohitajika sehemu isiyo na rangi nyuma. Picha ya kanga ikihifadhiwa kama PNG inaweza kuwa mara kadhaa ya uzito wa JPEG yake bila jicho kuona faida. Nembo ya PNG nayo ibane kwa kupunguza idadi ya rangi. Pngquant au TinyPNG hufanya hivyo, na nembo ya kawaida hushuka chini ya KB 15.

WebP ni nyepesi kuliko JPEG na kwenye tovuti ningeitumia bila kusita. Kwenye barua pepe bado naikwepa, kwa kuwa Outlook ya zamani ya Windows haiionyeshi, na wateja wa maofisini ndio wanaoitumia. Wateja wako wote wakiwa kwenye simu unaweza kufikiria tofauti. SVG iache kabisa, maana Gmail haiionyeshi.

Ipo tamaa ya kuweka GIF inayoonyesha kanga ikifungwa kiunoni. GIF haibebi zaidi ya rangi 256 kwa fremu, kwa hiyo kitambaa chenye mikunjo na vivuli kinatoka na madoa, na kila fremu inaongeza uzito. Matoleo ya zamani ya Outlook huonyesha fremu ya kwanza peke yake, kisha husimama. Mimi ningeweka picha tulivu yenye alama ya kucheza katikati, ikiwa na kiungo cha kwenda kwenye video. Ukiamua GIF, iwe ndogo, fremu zisizidi tano au sita, na ile ya kwanza ijitosheleze: kanga ionekane, si giza la kuanzia.

Hatua ya 5: Bana mara moja, ukitumia macho

Fungua Squoosh kwenye kivinjari. Haina malipo, na kazi yote hufanyika ndani ya kompyuta yako, picha haipakiwi kwenye seva ya mtu. Chagua MozJPEG, njia yake ya kutengeneza JPEG. Itaanza na ubora wa 75. Shusha kwa tano tano huku ukilinganisha upande wa kushoto na wa kulia.

Tazama sehemu tatu. Ya kwanza ni ukingo ambapo pindo jekundu linakutana na mji mweusi au mweupe. Ya pili ni herufi za jina. Ya tatu ni sehemu ya rangi bapa, ambako vile vipande vya 8 kwa 8 huanza kuonekana kama vigae. Mojawapo ikiharibika, rudi juu hatua moja, hapo ndipo pako.

Usikague ukiwa umekuza picha mara tatu. Picha ya 1200 itaonyeshwa kwa 600, kwa hiyo itazame kwa asilimia 50, kama atakavyoiona mteja. Ndiyo sababu picha za ukubwa wa mara mbili huvumilia ubora wa 60 au hata 55: dosari zinanywea pamoja na pikseli. Picha ya 1200 kwa ubora wa 60 kwa kawaida hupendeza kuliko ya 600 kwa ubora wa 90.

Kuna mpangilio mmoja ambao muuza kanga lazima aujue. JPEG kwa kawaida hutunza mwanga wa picha kwa ukamilifu, lakini rangi huzitunza kwa nusu ya upana na nusu ya kimo, kwa sababu jicho la binadamu halijali sana rangi ndogondogo. Kwa mandhari ya bahari hutagundua. Kwa herufi nyekundu juu ya nyeusi utagundua, kwani nyekundu humwagika nje ya mipaka yake. Kwenye mipangilio ya ndani ya Squoosh unaweza kuzima upunguzaji huo wa rangi; programu nyingi huuita 4:2:0, na ukiuzima unakuwa 4:4:4. Faili litaongezeka. Uzime kwa ile picha ya karibu yenye jina, nyingine ziache.

Viwango ninavyopendekeza ni hivi: picha kuu isizidi KB 200, picha ndogo za bidhaa ziwe kati ya KB 30 na 70, na barua nzima isipite KB 600. Kanga yenye nakshi nyingi itakataa kushuka hadi hapo, na haina neno kuiacha KB 240 badala ya kuiua. Punguza idadi ya picha nyingine ulipe pengo hilo.

Picha za simu huweza kubeba taarifa zilizofichwa, zikiwemo mahali ilipopigwa kwa kipimo cha GPS. Kama mwanamitindo wako alipigwa nyumbani kwake, umewatumia maelfu ya watu anwani yake. Squoosh huziondoa taarifa hizo. Ukitumia programu nyingine, hakikisha.

Mwenye picha nyingi atachoka kufanya moja moja. ImageMagick, programu ya picha inayoendeshwa kwa amri za maandishi, itamfanyia folda nzima; atengeneze kwanza folda iitwayo tayari ndani ya folda ya picha, kisha aandike kwenye dirisha la amri la kompyuta:

magick mogrify -path tayari -auto-orient -resize "1200x>" -strip -quality 65 *.jpg

Usiondoe -auto-orient. Simu huandika kwenye taarifa zilizofichwa kwamba picha imelala au imesimama, na -strip ikizifuta kabla ya kuigeuza, kanga zako zitalala ubavu. Kumbuka pia -strip hufuta wasifu wa rangi, kwa hiyo picha ziwe zimeshageuzwa sRGB.

Hatua ya 6: Ziweke vizuri ndani ya barua

Picha zikae kwenye seva, kwa anwani ya https, na barua izitaje. Programu za kutuma barua za biashara hufanya hivyo zenyewe. Usizigeuze kuwa maandishi ya base64 na kuziingiza ndani ya HTML: uzito unaongezeka kwa theluthi, Gmail haitazionyesha, na HTML yako itavimba. Gmail hukata barua ambayo HTML yake imezidi KB 102, ikaficha kilichobaki nyuma ya kiungo. Picha zilizoko kwenye seva hazimo katika hesabu hiyo. Kinachofichwa ni sehemu ya chini ya barua, na mara nyingi humo ndimo kilimo kiungo cha kujitoa.

Picha kuu iandikwe namna hii:

<img src="https://example.com/kanga-wema-hauozi-01.jpg" width="600" alt="Kanga nyekundu yenye pindo jeusi, jina: Wema hauozi" style="display:block;width:100%;max-width:600px;height:auto;border:0;">

Upana umeandikwa mara mbili kwa makusudi. Outlook ya zamani ya Windows, ambayo tangu toleo la 2007 hutumia injini ya Word kuonyesha barua, husoma width="600" na kuyapuuza mengi yaliyomo kwenye style. Ukiisahau, picha yako ya 1200 itatawala skrini nzima ya mteja wa ofisini. Simu nazo husoma style na kuinyoosha picha kulingana na upana wao.

Maandishi mbadala, yale ya alt, yaandike kana kwamba unamweleza dada dukani kwa simu. Kuandika "picha" au "IMG_2041" hakumsaidii mtu. Outlook ya kompyuta kwa kawaida huzuia picha mpaka msomaji akubali, na msomaji asiyeona hutegemea maandishi hayo peke yake. Picha ya pambo tu ipe alt="" ili programu ya kusomea iiruke.

Hatua ya 7: Jaribu kama mteja

Jitumie barua. Ifungue kwenye simu ya bei nafuu, Wi-Fi ikiwa imezimwa, mahali ambapo mtandao unasuasua. Ifungue tena picha zikiwa zimezuiwa: je, jina la kanga, bei na namna ya kuagiza vinasomeka? Kama barua yote ni bango moja lililochorwa, utaona weupe mtupu, na hiyo ndiyo barua watakayoiona baadhi ya wateja wako.

Washa hali ya giza kwenye simu. Nembo nyeusi ya PNG isiyo na rangi nyuma itapotea. Izungushie ukingo mwembamba mweupe. Kwenye mandhari meupe hauonekani, kwenye meusi unaiokoa.

Ukitaka kujua picha zipi zinauza, fuata mibofyo na maagizo. Tangu iOS 15 ya Septemba 2021, Apple Mail inaweza kupakua picha zenyewe hata mtu asipofungua barua, kwa hiyo idadi ya waliofungua haikuambii kitu cha kutegemea.

Kabla ya kutuma, angalia majina ya mafaili. Gmail hupitisha picha kwenye seva zake na kuhifadhi nakala. Ukigundua kosa na kubadilisha picha kwenye anwani ileile, waliokwisha kuifungua wanaweza kuendelea kuona ya zamani. Picha iliyorekebishwa ipe jina jipya, kanga-wema-hauozi-02.jpg, na barua inayofuata itaje hilo. Zile za zamani usizifute kwenye seva. Kuna mteja atakayerudi kwenye barua ya miezi mitatu iliyopita akitafuta doti aliyoipenda.